Miti ya Lulu na Aila Changa za Nyakuron

Katika mtaa wa Nyakuron mjini Juba, Sudan Kusini, unaojulikana zaidi kwa jumba lake la utamaduni lililofunguliwa mwaka 1976, takriban kila jiko lategemea msitu, kwa kuwa makaa ndiyo yapikiayo mji huu, nayo huletwa kwa malori kutoka vijijini, na kila gunia lilikuwa mti uliosimama katika ardhi ya ukoo fulani. Mume na mke vijana waliorejea kutoka ukimbizini Uganda, wakaona kuwa kodi ya nyumba hailipiki kwa kibarua kisichokuwa na uhakika, aghalabu hukumbuka shamba la wazee wao. Na wafikapo huko, na jembe, panga na mtoto mgongoni, riziki ya haraka kuliko zote iliyo mbele yao ni tanuri la makaa.

Siwalaumu hata kidogo, maana mzazi ambaye mwanawe ana njaa hahubiriwi subira. Lakini miongoni mwa miti inayotiwa tanurini umo ule uitwao lulu kwa Kiarabu cha Juba, ambao kokwa yake hutoa mafuta ya kupikia na ya kujipaka mwilini. Nao, kwa itikadi yangu, ndio rasilimali iliyo bora kabisa ambayo aila changa yaweza kuikuta shambani pasipo kuinunua.

Mti huu huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa vyema, kisha huishi kupita umri wa mwanadamu, hata anayeukata leo huwa ameangusha kitu alichohifadhiwa na babu yake. Wala hauhitaji shamba la peke yake, kwani mtama, karanga na ufuta hulimwa katikati ya miti hiyo tangu zama za kale. Huchanua wakati wa kiangazi, na nyuki ndio wauchavushao, kwa hiyo mizinga ikitundikwa shambani huleta asali na kuzidisha matunda. Nayo matunda huiva na kudondoka baada ya mvua kuanza, yaani katika miezi ile ile ambayo ghala limebaki tupu na mavuno mapya hayajawa tayari! Watoto hula nyama yake tamu. Mama huokota kokwa alfajiri, akazichemsha, akazianika, akavunja maganda, akakaanga na kusaga, kisha akakanda kwa maji mpaka mafuta yakaelea, akayachemsha hata yakatakata. Ni kazi nzito, ilayo kuni na maji mengi, na mume asiyeshika ndoo wala mchi katika siku hizo hana haki ya kuhesabu faida.

Mbali na tanuri, adui mwingine wa mti huu ni moto wa kiangazi, unaowashwa na wawindaji na wachungaji, ambao huua miche na kuunguza maua. Heri kufyeka ukanda mtupu kuzunguka shamba mapema, nyasi zingali mbichi.

Hata hivyo, ni nani atakayengoja miaka 15 juu ya ardhi asiyokuwa na yakini nayo? Sheria ya Ardhi ya mwaka 2009 inaitambua milki ya kimila, na Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 inampa mwanamke haki ya kumiliki mali na kupata fungu lake katika mirathi ya mumewe. Ila mjane angali anaweza kufukuzwa shambani na ndugu za marehemu, na miti aliyoitunza ikaishia tanurini. Basi nawasihi machifu na wazee wa koo: mnapowapa vijana ardhi, wapeni mume na mke kwa majina yao yote mawili, mbele ya mashahidi, na iandikwe. Nanyi waume vijana, lidaini jambo hili wenyewe mngali hai, kabla ya kuchimba shimo la kwanza la mche.