Je, Wajua? Wimbo wa Mashindano Una Kwao

Kuanzia kibanda umiza cha Kilangali, wilayani Kilosa, hadi uwanja wa Kasarani, mashindano makubwa ya soka hayakosi wimbo wake. Je, wajua kwamba:

• Mtindo huu una zaidi ya miaka 60? Kombe la Dunia la 1962 nchini Chile lilipata wimbo wake, "El Rock del Mundial", wa kundi la Los Ramblers.

• Kiitikio cha "Waka Waka" kilikuwepo miaka 24 kabla ya Shakira? Kilitoka kwenye "Zangalewa", wimbo wa 1986 wa Golden Sounds wa Kameruni, kundi la wanamuziki waliokuwa askari. Kwa Kombe la Dunia la 2010, Shakira alikitumia upya akiwa na kundi la Freshlyground la Afrika Kusini, na Wakameruni wale wametajwa miongoni mwa watunzi.

• "Wavin' Flag" haukuwa wimbo rasmi wa FIFA? Ulikuwa wa kampeni ya Coca-Cola ya Kombe hilohilo la 2010. K'naan, mzaliwa wa Mogadishu, aliutunga kwanza kuhusu vita na hamu ya uhuru. Beti zikabadilishwa ili ulingane na shangwe za mpira.

• Mwaka 2018 Diamond Platnumz alishirikishwa na Jason Derulo katika toleo la "Colors", wimbo wa Coca-Cola wa Kombe la Dunia la Urusi?

• Wimbo rasmi wa CHAN iliyochezwa Agosti 2025 unaitwa "Pamoja"? Wenyeji walikuwa watatu, na kila mmoja alitoa sauti: Phina wa Tanzania, Savara wa Kenya na Elijah Kitaka wa Uganda.

• Jimbo la Mikumi, lililomo humohumo Kilosa, lilikuwa na mbunge mwanamuziki? Profesa Jay, mkongwe wa Bongo Fleva, aliliwakilisha kuanzia 2015 hadi 2020.

AFCON 2027 inakuja kwetu Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda. Kijana wa Kilangali mwenye kipaji, anza kutunga sasa, kisha usajili kazi yako COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Kiitikio kizuri kinaweza kuzunguka dunia nzima, na haki yako ni jina lako lizunguke nacho.