Kamera ya kuhimili maji si lazima ihimili bahari

NYANGUMI wenye nundu hupita pwani ya Kenya hasa kati ya Julai na Septemba, wakitoka bahari za Antaktika kuja kuzaa katika maji yenye joto. Huo pia ndio msimu wa Kusi, wakati bahari inapochafuka na mawimbi kurusha maji hadi ndani ya boti.

Kwa hivyo, mwendeshaji boti wa Watamu au Shimoni anayetaka kuwanasa wanyama hao kwa video hulazimika kufanya kazi hiyo katika hali mbaya zaidi ya mwaka. Picha zenyewe zina thamani, kwani mabaka yaliyo chini ya mkia wa nyangumi hutofautiana, na watafiti huyatumia kumtambua mmoja baada ya mwingine. Kamera ikizimika katikati ya safari, kumbukumbu hiyo hupotea pamoja na fedha zilizoinunua.

Maneno "haipitishi maji" yanayobandikwa kwenye makasha ya kamera hayatoshi. La kutazamwa ni alama ya IP, ambayo hufuata kiwango cha kimataifa cha IEC 60529. Tarakimu ya kwanza huonyesha kinga dhidi ya vumbi na ya pili dhidi ya maji. Penye herufi X, kinga ya aina hiyo haikuainishwa.

Kamera yenye IPX4 huhimili maji yanayorushwa kutoka kila upande. IPX6 hustahimili mapigo ya maji yenye nguvu kutoka kwenye mpira. IPX7 huweza kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30, nayo IPX8 huzama zaidi ya hapo, kwa kina na muda unaotajwa na mtengenezaji.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Hudhani kuwa 7 ni bora kuliko 6 kwa kila hali, ilhali majaribio hayo ni tofauti kabisa. Kamera iliyotulia ndani ya pipa la maji haijajaribiwa kwa wimbi linaloipiga ubavuni boti ikienda kasi. Anayefanya kazi omoni mwa boti anafaa kutafuta kifaa chenye alama zote mbili, mathalani IPX6/IPX8.

Isitoshe, majaribio hayo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi. Maji ya bahari yakikauka huacha chembe zinazokwaruza mpira wa kuzibia mlango wa betri na kuleta kutu kwenye vyuma vya kuchajia. Mnunuzi asome dhamana kabla ya kulipa, kwani baadhi ya watengenezaji hawafidii madhara ya maji hata kwa vifaa wanavyovisifu hivyo.

Kuhusu kuanguka, matangazo mengi hutaja MIL-STD-810, kiwango cha jeshi la Marekani. Jina hilo lisimtishe mtu. Mtengenezaji mwenyewe huchagua jaribio la kufanya, kwa hivyo cha muhimu ni kuuliza kamera iliangushwa kutoka kimo gani.

Kamera ndogo za michezo ndizo zilizotapakaa leo. GoPro HERO5 Black, iliyotolewa mwaka wa 2016, iliweza kuzama hadi mita 10 bila kasha la ziada. Lakini lenzi zake huona eneo pana mno. Zinafaa kwa mashindano ya jahazi au kwa wapiga mbizi, ila nyangumi aliye mita 100 huonekana kama nukta. Kwa kazi hiyo, kamera ya kawaida yenye lenzi inayovuta kitu karibu, ikivishwa mfuko wa kuzuia maji, humfaa mtu zaidi ya ile ngumu isiyoweza kuvuta chochote.

Aidha, skrini za kugusa hukanganyika vidole vinapolowa. Vitufe halisi, vikubwa vya kutosha, ni bora. Kamera nyingi za aina hii pia huzama zinapoponyoka mkononi, hivyo boya dogo la rangi ya machungwa lafaa kununuliwa siku hiyo hiyo.

Hata iliyo bora itaharibika ikifunguliwa ovyo. Unywele mmoja au punje ya mchanga juu ya mpira wa mlango yatosha kupitisha maji. Betri na kadi vibadilishwe nchi kavu, mikono ikiwa mikavu. Baada ya safari, kamera itiwe ndani ya beseni la maji ya mfereji milango yake ikiwa imefungwa, ipanguswe, kisha iachwe kivulini hadi ikauke kabisa kabla ya kufunguliwa.