Nilikwenda kujitambulisha ukweni, nikapimwa kwa hondohondo!

Msomaji wangu, kama hujawahi kwenda kujitambulisha ukweni huku huna ajira, mshukuru Mungu. Mimi yamenikuta. Novemba iliyopita nilipanda basi kutoka Dar mpaka Muheza, nikaunganisha gari la Amani, mkononi doti moja ya khanga na kilo mbili za sukari, moyoni presha tupu.

Mchumba wangu amelelewa na bibi yake kule Amani, milima ya Usambara ya Mashariki. Yeye alitangulia siku mbili kunisafishia njia. Mimi nilibaki Dar nikipiga mazoezi ya maneno mbele ya kioo. Maana swali nilikuwa nalijua tangu mwanzo: "Kijana, unafanya kazi gani?" Sasa utamwambia bibi wa Kisambaa kwamba unaandika makala gazetini, unalipwa makala ikitoka, na isipotoka unakunywa chai kavu? Soo hilo.

Gari lilipita Sigi, pale Wajerumani walipofikisha reli yao enzi hizo, likaanza kupanda kona baada ya kona. Joto la Muheza likabaki chini. Kufika Amani, kama mita 900 kutoka usawa wa bahari, nikajuta kwa nini nimevaa fulana ya mikono mifupi kwa ajili ya kuuza sura.

Bibi alinipokea vizuri. Shikamoo, marahaba, karibu ugali. Swali halikuja. Usiku mzima nalisubiri, wapi! Asubuhi kabla ya saa kumi na mbili nikasikia mlango unagongwa. Babu, kaka yake bibi, amesimama nje na fimbo na koti la mvua.

"Mjukuu, amka. Dada amesema nikakutembeze msituni."

Nikamtazama mchumba wangu. Akaangalia pembeni huku anacheka. Nikajua hapa kuna mtihani.

UNAONA NINI?

Babu huyu si mtu wa mchezo. Ujanani alikuwa akiwaongoza watafiti waliokuja kusoma msitu, kwa hiyo majina ya wadudu, miti na ndege anayo kichwani kama wewe ulivyo na majina ya wachezaji wa Simba na Yanga. Tulitembea kama robo saa, akasimama.

"Unaona nini?"

"Miti, babu."

"Mingine?"

"Miti mingi, babu."

Mchumba wangu alikohoa. Nikajitetea kwamba sisi wa Dar tumezoea nguzo za umeme. Na ndege je? Ndege tunayemfahamu mjini ni kunguru. Babu akaniambia kumbe hata huyo si wetu. Aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, akazaana, akavuka mpaka bara. Kila anakofika anakula mayai na makinda ya ndege wadogo, ndiyo maana mitaa yetu imejaa "kwaa, kwaa" na nyimbo nyingine hazisikiki. Yaani nilikuwa nimeishi na mgeni mkorofi miaka yote nikidhani ni mwenye nyumba!

Msituni mambo ni tofauti. Vuli ilikuwa imeshaanza, majani yanadondosha maji, na kila tawi lina mtu wake. Dudumizi alikuwa bondeni anatoa sauti kama chupa inayomiminwa maji; wazee wanasema huyo ndiye mtangazaji wa mvua. Akapita ndege mmoja wa kijani, nikamwona wa kawaida tu, mara akafungua mbawa, kumbe ndani ni nyekundu ile mbaya. Nikapiga kelele "Oyaa!" Ndege akala kona. Babu akanitazama jicho moja tu, nikafyata.

Kisha akanionyesha chozi, wale ndege wadogo wanaonyonya maua kwa mdomo mwembamba. Mmoja tumbo lake ni jeupe, na Wazungu wamemwita kwa jina la mahali hapa hapa: chozi wa Amani. Kichakani akanisikilizisha mwingine mdogo, wa kijivu, kichwa rangi ya kutu, mdomo mrefu. Huyo ni wa kabila la ndege mafundi cherehani, wale wanaoshona majani kutengeneza kiota. Ni miongoni mwa ndege adimu duniani. Jina lake la kisayansi linamkumbuka Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani tangu 1928 na kutumia muda wake wa mapumziko kuchunguza ndege pamoja na mkewe, Winifred.

"Mume na mke," babu akasisitiza. "Walikuwa wanatembea pamoja kama hivi." Nikaona mtihani unakaribia.

UA LA DUNIA, KWAO NI HAPA

Tulishuka kwenye kijito. Kwenye mwamba wenye ukungu na kivuli, pameota maua madogo ya zambarau, majani yake mazito yenye manyoya laini, na katikati ya ua vijifuko viwili vya njano. Nikainama nichume moja nimpe mwenzangu, kama kwenye sinema. Fimbo ya babu ikanigusa mkono.

"Hilo halichumwi."

Hapo ndipo nilipopata somo, na nakupa na wewe bure. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua hili huku kwetu, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea, Hermann Wendland, akalipa jina la kisayansi kutokana na jina la familia hiyo: Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima, linawekwa madirishani Ulaya na Marekani, na Wajerumani mpaka sasa wanaliita urujuani wa Usambara. Lakini porini, kwa asili yake, linapatikana Tanzania na sehemu chache za Kenya, basi. Linataka kivuli na unyevu. Ukikata miti ya juu, jua linapiga mwamba, ua linakwisha.

Nikakumbuka nyumbani kwetu mama ameweka maua ya plastiki juu ya kabati, tunayafuta vumbi kila Ijumaa. Wenzetu wana ua letu hai, sisi tuna plastiki yao.

Pembeni ya njia kulikuwa na maua mengine, ya waridi, laini kama karatasi. Babu akaniambia nishike tunda lake lililokomaa. Kugusa tu, paa! Likapasuka, mbegu zikaruka kila upande. Niliruka nusu niingie mtoni. Hilo nalo ni la Afrika Mashariki na limejaa bustani za Ulaya. Jina la ukoo wake kwa Kilatini ni Impatiens, maana yake asiye na subira.

"Kama vijana wa Dar," babu akasema. Mchumba wangu akacheka mpaka akakaa chini.

MUME WA KWELI

Sasa ngoja nikupe kilichonipeleka. Saa nne hivi babu alitukalisha mbali kidogo na mti mmoja mrefu, akatuamuru tunyamaze. Juu sana kwenye shina niliona kama ufa, umezibwa kwa udongo, umeachwa mwanya mwembamba. Tulikaa muda mrefu mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha nikasikia mvumo hewani kama gari moshi linaanza safari. Ni mbawa! Akatua ndege mkubwa mweusi, mgongo wa chini na tumbo vyeupe, mashavu yana rangi ya fedha, juu ya mdomo amevaa kama kofia. Hondohondo.

Babu akaeleza kwa kunong'ona. Jike likitaka kutaga linaingia kwenye tundu la mti. Dume linameza udongo, linaufanya vidonge kooni, linamletea, naye jike anaziba mlango kutoka ndani mpaka unabaki mwanya wa kupitisha mdomo. Hapo nyoka na kima hawaingii, lakini naye hatoki. Atakaa humo miezi mitatu hadi minne, atalalia mayai, atalea kinda, na muda wote huo anakula kwa mkono wa mume. Moreau na mkewe waliuchunguza uzazi wa hondohondo hawa wa Amani, wakaandika habari zao mwaka 1941.

Dume likaanza kazi. Analeta matunda kooni, anayatoa moja moja, anayapitisha kwenye mwanya. Nilihesabu 14. Akaondoka, tukasikia mbawa zinapotelea bondeni, akafuate mengine.

"Na akipigwa manati?" nikauliza.

"Basi mlishaji hakuna, na wenzake wa ndani mashakani," babu akajibu. "Ndiyo maana hapa hatuwachezei."

Hata hivyo babu hakuficha kasoro yake. Hondohondo anapenda sana matunda ya msizi, mti uliopandwa Amani enzi za wakoloni. Anameza, anakwenda kutema mbegu mbali, na pale msitu ulipokatwa msizi unawahi kuota na kushika nafasi ya miti ya asili. Kumbe hata baba mwema anaweza kuleta mgeni mbaya nyumbani.

Kisha babu akanigeukia. Swali lililokuwa linaninyima usingizi likaja, ila si kwa namna niliyojiandaa.

"Huyu hana ajira. Hana mshahara. Lakini jike amekubali kufungiwa humo kwa sababu anajua atarudi. Wewe, mjukuu, ukiondoka asubuhi, mwenzako ana uhakika gani?"

Msomaji, nilikuwa na majibu ya kwenye kioo. Yote yalipotea. Kwanza nilikasirika, nafananishwa na ndege? Halafu nikakumbuka mara ngapi nimemwambia huyu binti "nakuja saa kumi" nikatokea saa mbili usiku kwa sababu ya stori za kijiweni. Nikasema ukweli: "Babu, bado hana uhakika." Mchumba wangu hakucheka safari hii.

HUKUMU YA BIBI

Jioni bibi aliongea na babu Kisambaa jikoni, sikuambulia kitu. Akatoka na mfuko, kilo tatu za pilipili manga za shambani kwake.

"Kauze Dar, uniletee hela yangu. Faida yako. Mshenga asije kwanza. Yule jike akitoka tunduni na mwanawe, ndipo tutaongea."

Nilizungusha pilipili ile Kariakoo siku tatu, nikauza yote, na hela ya bibi ikafika Amani kwa siku niliyoahidi. Akanitumia kilo sita. Washikaji wa kijiweni wananiita Hondohondo, na mimi naitika.

Babu amesema kinda litatoka Februari, Mungu akipenda, mama yake pamoja naye. Nauli nimeshaiweka pembeni, safari hii na sweta. Wewe unayesoma hapa, kama una mtu wako na kila wikiendi mnaishia baa ile ile, jaribuni siku moja kuamka alfajiri mkatembee msituni, simu mfukoni, midomo imefungwa. Ila nakutahadharisha, unaweza kuulizwa swali juu kwa juu.