Mtoto, Baiskeli na Maji ya Ufuoni

Leo tuko Kisumu, na mazungumzo yetu ni kuhusu watoto wanaozunguka mjini kwa miguu na kwa baiskeli mpaka wakafika ziwani na mitoni.

Mama mmoja alimleta kliniki mwanawe wa miaka tisa. Kwa wiki kadhaa mtoto alilalamika tumbo, akawa mchovu, na mara mbili mama aliona damu katika choo kikubwa. Alikuwa amemnunulia dawa ya amiba dukani bila nafuu yoyote. Tulipopima choo, tukapata mayai ya kichocho. Nilimuuliza mtoto huchezea maji wapi, akatazama chini. Kumbe kila Jumamosi yeye na wenzake huendesha baiskeli hadi Dunga, huziosha ziwani, kisha huogelea. Mama akasema, "Sista, baiskeli hiyo naiuza leo."

Nilimsihi asiiuze. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki. Mtoto anayetoka Nyalenda kwa miguu au kwa baiskeli kwenda kuona mji wake anajenga moyo na mifupa, tena bila gharama. Mimi naona afadhali huyo kuliko anayeshinda mbele ya televisheni. Kilichomletea ugonjwa ni maji, si baiskeli.

Sikiliza vile kichocho kinavyoenea. Mgonjwa akienda haja karibu na maji, mayai huanguka humo na kuanguliwa. Vijidudu huingia ndani ya konokono wadogo wa majini, hukaa wiki chache wakiongezeka, kisha hutoka, hasa mchana jua likiwa kali. Saa hizo ndizo watoto hupenda kuogelea! Hupenya ngozi kwa dakika chache tu, hata kama mtoto hana kidonda na hajanywa maji hayo. Kichocho cha huku ziwani hushambulia matumbo na ini. Kile cha pwani hushambulia kibofu, na mtoto hukojoa damu.

Dawa yake huitwa prazikwanteli. Hupimwa kulingana na uzito au urefu wa mtoto, na humezwa baada ya chakula. Huwaua minyoo wakubwa walio mwilini, lakini haimkingi mtoto akirudi majini Jumamosi ijayo. Ndiyo maana nilikaa chini na kijana huyo tukaelewana: aende Dunga, atazame mashua na ndege, lakini asiingie majini. Baiskeli ataiosha nyumbani kwa maji ya mfereji. Kama ni lazima mtumie maji ya ziwa, yaacheni kwenye jerikeni siku mbili, bila konokono ndani, na vijidudu hivyo vitakufa. Ya kunywa bado yachemshwe, kwa sababu ya kipindupindu na homa ya matumbo. Jioni watoto waondoke ufuoni mapema, maana kiboko hutoka majini kwenda malishoni.

Mto Kisat nao hubeba maji machafu ya mji, kwa hivyo usiwe mahali pa kuchezea. Wakati wa masika, mtoto asivuke mto wowote uliofurika. Maji ya kasi yanayofika magotini humwangusha hata mtu mzima.

Neno moja kuhusu keria. Mtoto mdogo akibebwa nyuma, mguu wake huweza kuingia kwenye spoki, na kidonda cha kisigino huchukua wiki nyingi kupona. Mvalishe viatu vilivyofungwa, awe na mahali pa kukanyaga, na leso yako isining'inie karibu na gurudumu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipandishwe baiskeli kabisa.

Mtoto wako akiwa na maumivu ya tumbo yasiyoisha, au damu katika choo au mkojo, usizunguke madukani. Mlete kituo cha afya, na ukifika mwambie muuguzi mahali anapoogelea, hata kama mwenyewe anakataa kusema.