Ujira wa Fundi na Mkono wa Mwenye Pikipiki

Miongoni mwa watu wanaotafuta riziki kwa pikipiki katika miji na vijiji vya Tanzania, aghalabu huzuka mjadala wa kama ni heri kila shughuli ya matunzo apelekewe fundi, au mwenye chombo ashike spana mwenyewe. Na mjadala huu, ingawa huonekana mwepesi, una hesabu ndani yake ambayo wengi huipiga nusu, wakautazama ujira wa fundi peke yake na kuyaghafilikia mengine yaliyo mazito zaidi.

Tukadirie, kwa ajili ya mfano tu, kwamba lita moja ya oili ni shilingi 10,000, na kwamba fundi hutoza shilingi 3,000 kwa kumwaga oili chafu, kutia mpya na kukaza cheni. Dereva wa bodaboda, ambaye chombo chake hutembea tangu alfajiri hata usiku, akiifanya kazi hiyo mara mbili kwa mwezi, atatumia shilingi 312,000 kwa mwaka. Lakini katika jumla hiyo oili ni 240,000, na ujira ni 72,000 tu. Anayejifanyia kazi mwenyewe, basi, haokoi hata robo ya gharama, na katika mwaka wa kwanza sehemu ya akiba hiyo humezwa na bei ya spana, bisibisi na karai la kukingia oili.

Faida iliyo kubwa iko mahali pengine. Kijana aliyechukua pikipiki kwa mkataba, ambaye hesabu ya tajiri wake humdai kila siku, chombo kiwe kimetembea au kimelala, akiimaliza kazi hiyo nyumbani usiku hapotezi asubuhi yake gerejini wakati abiria ni wengi. Kadhalika hujua kwa yakini kilichotiwa ndani ya injini yake. Katika pikipiki nyingi za kazi, kama vile Boxer na TVS, oili ile ile moja hulainisha injini, giaboksi na klachi. Kwa sababu hiyo yafaa oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, maana baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano ambavyo huweza kuifanya klachi iteleze, na bei ya kubadilisha pleti za klachi huifuta akiba ya miezi mingi.

Walakini mkono usio na maarifa una hasara zake. Nati ya kutolea oili ikikazwa kwa nguvu kupita kiasi huua thredi za alumini. Cheni ikikazwa mno huila beringi na meno ya sproketi, ilhali katika pikipiki nyingi hutakiwa ilegee kiasi cha sentimita 2 hadi 3. Na chujio la hewa la karatasi halioshwi kama la sponji, bali hubadilishwa. Kitabu cha pikipiki hueleza vipimo hivi vyote, nacho chastahili kusomwa kabla ya kushika spana. Oili iliyomwagwa nayo ihifadhiwe kwenye dumu, isiachiwe mtaroni ikaharibu maji ya watu.

Kazi nyingine ni haki ya fundi bila ya ubishi. Kuweka valvu, ambazo nafasi yake hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, kuchonga silinda na kunyoosha rimu iliyopinda huhitaji vifaa na uzoefu ambao mtu hapati kwa kutazama tu. Na pikipiki mpya ingali katika dhamana yafaa irudishwe kwa wakala kwa muda uliowekwa, isije dhamana ikabatilika.

Kwa hiyo mwenye pikipiki na ajifunze oili, cheni, plagi, chujio na upepo wa matairi, ayakague kila wiki kwa macho yake, na kilichobaki ampelekee fundi mwaminifu na kumlipa stahiki yake bila ya kunung'unika. Ujira wa kazi ngumu iliyofanywa vema ni rahisi kuliko spea ya pili.