Iliki Hupenda Kivuli

Akina mama wengi tunanunua iliki dukani, punje chache tu za kutia kwenye chai, maandazi na pilau. Kumbe nyuma ya nyumba pana kivuli kisichopandwa kitu! Sisi tunaoishi milimani penye mvua tunaweza kuipanda wenyewe.

Iliki asili yake ni misitu ya kusini mwa India. Ni jamaa ya tangawizi na huishi miaka mingi. Hustawi mita 600 hadi 1,500 juu ya usawa wa bahari, penye mvua ya kutosha. Jua kali huunguza majani yake.

Huko Usambara Mashariki, wakulima walifyeka mimea ya chini msituni ili wapande iliki kivulini. Baada ya miaka kadhaa ardhi ilichoka, mavuno yakapungua, na mahali pengine miti ikakatwa kupisha mazao mengine. Msitu ukiisha, chemchemi nazo hukauka, na ni sisi akina mama tutakaofuata maji mbali. Basi tuuache msitu, tupande nyumbani chini ya miparachichi au mifenesi.

Jinsi ya kupanda

Omba kwa jirani kipande cha shina chenye mizizi na machipukizi mawili au matatu. Mvua zinapoanza, chimba shimo, changanya udongo na samadi iliyooza, kisha panda bila kufukia sana. Acha nafasi ya mita 2 au 3 kati ya mashina. Tandaza majani makavu ili unyevu usipotee, lakini maji yasituame. Usilime kwa jembe karibu na shina, kwani maua na matunda hutokea chini, karibu na ardhi. Tusiwafukuze nyuki, ndio wanaochavusha maua.

Kuvuna

Matunda huanza mnamo mwaka wa tatu. Chuma yaliyokomaa yakiwa bado ya kijani, kabla hayajapasuka. Hayakomai yote pamoja, hivyo rudia kila baada ya wiki chache. Yaanike taratibu, kisha yahifadhi na maganda yake kwenye kopo lenye kifuniko.

Miaka mitatu ni mingi kwa mama anayedaiwa ada ya shule. Kwa hiyo tusiache mboga na kuku wetu. Tukubaliane na baba watoto mapema fedha ya iliki itafanya nini, kisha tumwombe Mungu atupe subira. Mstahimilivu hula mbivu.