Kisomo cha Wakulima wa Pamba

Katika vijiji vya Kanda ya Ziwa, kisomo cha watu wazima kilikuwa shughuli ya alasiri. Asubuhi ilikuwa ya jembe. Jua likishapungua makali, kina mama wenye watoto mgongoni na wazee wenye mikongojo walikusanyika, daftari mkononi. Mwalimu mara nyingi alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, pengine mjukuu wa mmoja wa wanafunzi wake. Chaki haikugeuza heshima: yeye ndiye aliyeanza kuamkia, na mzee akikosea alisikia, "Babu, hebu tuisome tena pamoja." Naamini adabu hiyo iliwaweka wazee darasani kuliko amri yoyote ya serikali.

Mwaka 1968 Tanzania, kwa msaada wa UNESCO, ilianza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. Vitabu viliandikwa kwa kufuata kazi za watu wenyewe: pamba, migomba, uvuvi, ng'ombe. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa maneno ya shambani kwake, kisha wanafunzi wote wakaenda shamba la darasa kupima nafasi za mistari.

Faida ilionekana msimu wa kuuza. Mkulima alifika kituo cha kununulia pamba akiwa ametenga pamba safi na fifi, yaani hafifu, akausoma mshale wa mizani mwenyewe, akazidisha kilo kwa bei, akaikagua stakabadhi kabla ya kutia sahihi. Aliyezoea kuweka dole gumba angejuaje kama karani ameandika 72 au 27?

Nchini kote, sensa ya 1967 ilikuta watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawajui kusoma wala kuandika. Kufikia 1986, kwa takwimu za serikali, hawakufika 10.

Siku hizi madarasa hayo yamepungua sana, ila kina mama hukutana kila wiki kwenye vicoba, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana: kununua hisa, kukopa, kurejesha. Kazi ipo, fedha ipo, na desturi ya kukaa pamoja ipo. Lakini daftari hushikwa na katibu, na asiyejua kusoma husomewa tu hesabu ya jasho lake. Hilo halifai kuendelea. Ndugu msomaji, kama wewe ndiye katibu, tenga nusu saa kila mkutano. Mpe kila mwanachama daftari alitafute jina lake, azisome hisa zake na deni lake kwa sauti. Anza wiki hii.